Namna ya kutuma habari za mkimbizi nje ya nchi bila kumponza

Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa sheria, makarani wa mashirika, maimamu, wachungaji na jamaa walioko Mombasa ambao kila mara huletewa ombi lile lile: "Tutumieni karatasi zake." Anayeomba anaweza kuwa wakili aliyeko Toronto, kikundi cha wafadhili, ndugu aliyefika Uswidi, au afisa wa nchi nyingine anayesema anataka tu kuhakikisha jambo dogo. Maombi hayo hayajibiwi kwa namna moja, na mengine hayajibiwi kabisa. Habari za mtu zikishavuka mpaka hakuna wa kuzirudisha, kwa hiyo kazi yote hufanywa kabla ya kutuma.

Kwanza, tenga mafungu matatu

Fungu la kwanza ni habari za hali ya nchi: vita viko wapi, ukoo gani unaandamwa, sheria gani inatumika dhidi ya nani. Hizi hazimtaji mtu na zinapitishwa wazi kati ya mawakili, mahakama na serikali. Mahali pa kuzitafuta ni tovuti za Refworld ya UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) na ecoi.net, na hazina ya shirika la hifadhi la Umoja wa Ulaya. Ukimpelekea wakili taarifa ya namna hii, andika tarehe ya tukio, tarehe ya kuchapishwa na ukurasa. Taarifa ya miaka mitano nyuma kuhusu Kismayu inaweza kuangusha kesi badala ya kuisimamisha.

Fungu la pili ni takwimu. Zinaonekana hazina madhara kwa sababu hazina majina, lakini ukiandika "familia 2 za Kirundi, Likoni, mama mmoja ana watoto pacha" umeshamtaja. Idadi ndogo chini ya 10 iunganishe na mtaa wa jirani au iseme kwa kaunti nzima.

Fungu la tatu ni habari za mtu mwenyewe: jina, picha, alama za vidole, maelezo yake ya kukimbia, vyeti vya hospitali, majina ya watoto. Maelezo yote yanayofuata yanahusu fungu hili.

Nchi aliyoikimbia haipewi kitu

Kanuni hii haina mlango wa nyuma. Serikali ya nchi aliyoikimbia mtu haipewi jina lake, picha yake, anwani yake, wala habari kwamba aliomba hifadhi. Hata kujibu "ndiyo, yuko hapa" ni kutoa habari. Mtu aliyetoka kwao kimyakimya, bila kesi na yeyote, anaweza kuanza kuwindwa siku serikali yake itakapojua kwamba ameishtaki kwa wageni, na jamaa aliowaacha nyuma ndio hubishiwa hodi kwanza.

Pwani yetu inalijua jambo hili kwa karibu. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya ghasia za kisiasa Zanzibar, watu wapatao 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni. Pemba na Shimoni ni majirani waliooana, kila mtu ana shemeji ng'ambo. Mahali kama hapo, orodha ya majina ikibandikwa ukutani ili watu wagawiwe unga, inaweza kufika upande wa pili kabla jua halijatua. Orodha ya mgao huandikwa kwa namba za kadi, na majina hubaki kwenye daftari la ofisini.

Kosa kubwa zaidi hutokea pale habari zinapopita mikono miwili au mitatu. Juni 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza jinsi Bangladeshi ilivyoipa serikali ya Myanmar majina yasiyopungua 830,000 ya Warohingya, watu walioikimbia Myanmar hiyo hiyo, pamoja na alama za vidole na taarifa nyingine, ili Myanmar ipime nani arejeshwe. UNHCR, iliyoshiriki kuwasajili, ilisema watu waliulizwa. Karibu wote waliohojiwa na Human Rights Watch walisema walidhani usajili ule ni wa kupata msaada tu. Ndiyo maana swali la kumuuliza mpokeaji lina sehemu mbili: wewe utazitumia vipi, na baada yako zitakwenda kwa nani?

Kuna mitego minne ambayo watu wema huingia bila kujua.

Wa kwanza ni kuhakikisha cheti. Karani wa chuo au mwajiri anaandika barua pepe kwa msajili wa vizazi au mwalimu mkuu kule kwao: "Je, cheti hiki cha fulani ni halali?" Barua hiyo imeshasema mtu yuko wapi. Mweleze karani mapema, kwa maandishi, kwamba cheti hicho kisipelekwe kuhakikiwa katika nchi kilikotolewa, na umpe njia badala: kiapo mbele ya kamishna wa viapo, mtihani wa kupima kiwango, au mashahidi waliosoma naye ambao wako nje ya nchi hiyo.

Wa pili ni ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe. Ni haki yake, wala si wajibu wake. Mtu akikamatwa Lungalunga au Kongowea kwa kukosa karatasi, na amesema anaomba hifadhi, waambie polisi na karani wa mahakama mapema kwamba ubalozi usipigiwe simu, kisha wajulishwe UNHCR na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Mkumbushe wakili kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kinachokataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila idhini ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza bila kukawia. Hapa Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa siku 30 tangu kuingia ajitokeze kwa maafisa, na usajili wenyewe hauna ada.

Wa tatu ni pasipoti. Mtu anaambiwa na jamaa wa Ulaya, "Pata pasipoti kwanza, mengine baadaye," naye anakwenda ubalozini. Amewapa picha na anwani yake, na zaidi ya hapo anaweza kuulizwa baadaye: ikiwa unaiogopa serikali yako, mbona umeenda kuomba ulinzi wake? Mkimbizi aliyetambuliwa huomba hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo hutolewa na nchi inayomhifadhi.

Wa nne ni ilani ya INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi. Serikali nyingine humwandika mpinzani wake kama mhalifu ili akamatwe akisafiri. INTERPOL ina utaratibu wa kuondoa ilani iliyoombwa na nchi ile ile aliyoikimbia mtu, hadhi yake ya ukimbizi ikithibitishwa. Ombi hupelekwa kwa Tume ya Udhibiti wa Mafaili ya INTERPOL. Kazi hiyo aifanye wakili. Usimwandikie polisi wa nchi yoyote kuuliza kama jina la mteja wako limo.

Ridhaa inayosimama

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, vifungu vya 48 hadi 50, ndiyo inayotawala kutoa habari za mtu nje ya nchi. Kwa habari nyeti sheria ni kali zaidi: lazima mwenyewe akubali, na lazima kuwe na uhakika kwamba mpokeaji ana ulinzi wa kutosha. Katika habari nyeti sheria imehesabu asili ya kabila, imani, afya, alama za kibayometriki (za mwili, kama vidole na uso), hali ya ndoa, mwelekeo wa kijinsia, pamoja na majina ya mume au mke, wazazi na watoto. Yaani karibu kila ukurasa wa faili la mkimbizi.

Fomu ya ridhaa haitakiwi kuwa ndefu. Ukurasa mmoja unatosha ukibeba haya: nani anatuma, nani anapokea kwa jina la ofisi na nchi, karatasi zipi hasa, kwa kazi gani, mwisho wa ruhusa ni lini, na jinsi ya kuiondoa. Fomu inayosema "naruhusu habari zangu zipewe mashirika husika" haina maana yoyote. Irudishe ikaandikwe upya.

Maneno ya mdomo ndiyo yenye kazi. Jaribu hivi: "Mama, kuna wakili Kanada anaitisha barua yako ya usajili na majina ya watoto. Ataipeleka kwa serikali ya Kanada ili waangalie kama mnaweza kumfuata baba yao. Maelezo yako ya yaliyokupata safarini hatujaombwa, na hatutayatuma. Ukikataa, huduma zako hapa hazitapungua. Ukikubali leo ukabadilisha nia kesho, tutasimamisha, lakini yaliyokwisha kwenda hatuwezi kuyarudisha." Halafu mwombe akueleze kwa maneno yake nini kitatumwa na kitaenda kwa nani. Akisema "mtatuma kila kitu ili tusafiri," hajaelewa. Rudia. Na usimwahidi safari.

Mkalimani mchague kwa uangalifu. Mombasa ni mji mkubwa, lakini jamii ya Wabarawa au Waoromo ndani yake ni ndogo na watu wanajuana hadi mababu. Muulize mteja faraghani, kabla ya mkalimani kuingia, kama mtu huyu anamfaa. Mke na mume waulizwe mbalimbali. Kwa mtoto chini ya miaka 18 ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na faili la mtoto aliye peke yake lisitumwe nje kabla hajapata mlezi anayetambulika.

Jina, tarehe na saa

Kesi nyingi hukwama kwa sababu karatasi mbili zinazomhusu mtu mmoja zinaonekana kama za watu wawili, hata pale ambapo hakuna aliyedanganya. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Anza na tahajia. Msomali anayeandika kwa hati ya kwao hutumia herufi x na c kwa sauti ambazo Kiswahili hakina. Maxamed ni Mohamed, Xaliimo ni Halima, Cabdulqaadir ni Abdulkadir, Cumar ni Omar, Caasha ni Asha. Mbajuni au Mbarawa huyo huyo akisajiliwa na karani wa Mombasa ataandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, akifika Dadaab ataandikwa vingine, na akichukuliwa maelezo kwa Kiarabu atapata jina la tatu. Usisahihishe karatasi za zamani. Tengeneza ukurasa mmoja wa utambulisho: jina kama lilivyo kwenye usajili wa sasa, na chini yake kila tahajia nyingine, karatasi iliyomo, tarehe ya karatasi hiyo, na namba yake. Ongeza lakabu. Shahidi anaweza kuwa amemjua mtu miaka ishirini kwa lakabu tu.

Kisha mpangilio. Wasomali na Waethiopia hawana jina la ukoo la kurithishana: mtu ana jina lake, la baba, na la babu. Fomu za ng'ambo zinadai "jina la familia". Karani mmoja akijaza jina la baba na mwingine akajaza la babu, ndugu wa tumbo moja wanaonekana si ndugu. Amueni mara moja kwa familia nzima, andikeni jina lile lile katika kisanduku kile kile kwa wote, na elezeni kwenye barua ya juu, ile inayotangulia karatasi zote, jinsi majina yanavyojengwa. Mke hachukui jina la mume, hilo nalo lielezwe, maana afisa wa Ulaya atauliza kwa nini hawafanani. Kwa Wakongo kuna majina matatu ya aina tofauti, na lile la katikati ndilo hudondoka njiani.

Tarehe za Ethiopia zinahitaji hesabu. Mwaka wao mpya huanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika miaka mingine. Kati ya siku hiyo na Desemba 31 wako nyuma yetu kwa miaka 7. Kati ya Januari na mapema Septemba wako nyuma kwa miaka 8. Miezi nayo haikai mahali pamoja na yetu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Tir 2002, mwezi wao wa tano, alizaliwa 13 Januari 2010. Karani akiandika 05/05/2002 kama alivyosomewa, amemzeesha mtoto kwa miaka 7 na miezi 8. Mtoto huyo atapelekwa kulala na watu wazima na kesi yake itasikizwa kama ya mtu mzima. Andika tarehe zote mbili na utaje kalenda.

Wazee wa pwani na visiwa vya Bajuni nao wana hesabu yao. Mzee akisema mtoto alizaliwa mfungo sita, asiandikiwe Juni. Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, Rabiulawwal, na kila mwaka unarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Akisema walivamiwa usiku wa Ijumaa, muulize kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa wengi wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao Mzungu anauita Alhamisi usiku. Saa nane usiku ni saa 02:00 kwa hesabu yao. Mkalimani akiitafsiri kwa haraka kuwa saa nane ya Kizungu, kumbukumbu itasema walivamiwa saa 20:00, na katika mahojiano ya pili mteja ataonekana anabadilisha maneno. Andika saa kwa tarakimu za saa 24, na siku kwa namna ya "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa".

Tarehe 01/01 iko kwenye kadi nyingi za wakimbizi kwa sababu mtu alijua mwaka tu. Usiivumbulie siku nyingine. Eleza kwamba siku na mwezi ni makadirio. Na kwa kuwa Marekani hutanguliza mwezi, 03/07 itasomwa Machi 7 na wao: andika jina la mwezi kwa herufi.

Mwisho, orodha ya familia. Andika watoto wote, wa ndoa zote, walioko, waliopotea, na wanaolelewa. Mzazi huogopa kumtaja mtoto aliyebaki kwa bibi, akidhani atachelewesha safari. Kwa Kanada, jamaa ambaye hakutajwa wala kukaguliwa wakati wa ombi la kwanza kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye. Ni kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji za Kanada. Mtoto aliyetajwa lakini akabaki nyuma anaweza kuombewa ndani ya mwaka mmoja tangu mzazi afike. Marekani, mkimbizi au aliyepewa hifadhi ana miaka 2 ya kuwasilisha fomu I-730 kwa mwenzi na watoto. Siku ya kusajiliwa Mombasa ndiyo inayoamua nani ataweza kuja miaka kadhaa baadaye.

Wanayoyajua tayari

Mteja akikuuliza kama aseme kwamba aliwahi kunyimwa viza, jibu ni aseme. Nchi nyingi hazingoji karatasi zako.

Umoja wa Ulaya una Eurodac, hazina ya alama za vidole iliyoanza kazi 2003. Kwa kanuni za awali alama zilichukuliwa kuanzia umri wa miaka 14; sheria iliyopitishwa 2024 imeushusha hadi miaka 6 na kuongeza picha ya uso. Aliyeomba hifadhi Italia akaomba tena Ujerumani atatambulika kwa vidole, jina liwe limeandikwa vyovyote. Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na Nyuzilandi nazo hulinganisha alama za vidole kwa mpango ulioanza 2009. Kwa hiyo vidole vilivyotolewa katika ombi la viza ya Uingereza vinaweza kuonekana katika ombi la Kanada. Kati ya Kanada na Marekani kuna pia makubaliano ya nchi salama, yaliyoanza 29 Desemba 2004 na kupanuliwa 25 Machi 2023 yakafika mpaka wote wa nchi kavu: anayeingia Kanada kutoka Marekani hurudishwa asikilizwe Marekani, isipokuwa ana sababu kama jamaa wa karibu aliyeko Kanada.

Kuficha kunakotambulika kuna bei. Kanada humzuia kwa miaka 5 aliyetoa habari za uongo au kuficha jambo la maana. Kunyimwa viza peke yake hakumfungii mtu mlango namna hiyo. Andika: nchi, mwaka, jina lililotumika, matokeo. Kama jina lilikuwa la pasipoti ya dalali, aseme hivyo pia, kwa maneno ya wakili.

Mifumo nayo hukosea, na makosa yake hudumu. Kaskazini mashariki mwa Kenya kuna raia waliosajiliwa kama wakimbizi wakiwa watoto, wakati wa ukame, ili familia zipate mgao. Walipofikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho, vidole vyao vilijibu kwamba ni wakimbizi, wakakaa miaka bila kitambulisho. Mtu akikuambia ana historia ya namna hiyo, iseme kwenye barua ya juu kabla mashine haijaisema.

Kutuma

Mpokeaji mhakikishe kwa njia ambayo hakukupa yeye. Wakili ana namba katika orodha ya chama cha mawakili cha mkoa wake. Tumia hiyo, piga, uliza kama ombi ni lake. Mwombe barua ya uwakilishi yenye sahihi ya mteja. Kwa Kanada ni fomu IMM 5476.

Kisha punguza. Kikundi cha wafadhili kinahitaji majina, umri, namba ya usajili na idadi ya familia. Hakihitaji maelezo ya ubakaji wala majibu ya hospitali. Uchunguzi wa afya wa uhamiaji hufanywa na daktari aliyeteuliwa, naye huupeleka moja kwa moja kwa serikali husika, kwa hiyo anayekuitisha majibu ya damu kwa barua pepe hayahitaji. Ukifuta mstari, usiupake weusi kwenye kompyuta, kwa sababu maneno mara nyingi hubaki chini yake na hunakiliwa. Chapa, paka kwa wino mzito pande zote mbili, kisha skani tena.

Skani kwa rangi, kwa ukali wa picha wa dpi 300, kurasa zote hata zilizo tupu nyuma, kingo nne zikionekana. Kivuli cha simu juu ya mhuri ni sababu tosha ya karatasi kurudishwa. Faili lipe namba ya ndani, mfano MSA-041-usajili, lisiwe na jina la mtu. Kichwa cha barua pepe nacho kisitaje neno hifadhi wala nchi. Funga faili kwa neno la siri kwa programu kama 7-Zip, ukichagua njia ya kufumba inayoitwa AES-256, na neno la siri lipeleke kwa njia nyingine: faili kwa barua pepe, neno kwa simu ya mdomo.

Saiba ndiko faili nyingi huvujia. Ukiskani kwa kompyuta ya saiba, nakala inabaki kwenye folda ya mashine, nyingine kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na ya tatu kwenye WhatsApp ya mwenye duka uliyemtumia akuchapie. Bora uskani kwa simu yako mwenyewe. Ikibidi saiba, keti wewe kwenye kiti, fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, futa faili kisha futa pipa la taka, toka kwenye barua pepe, na kabla hujainuka fungua simu yako uangalie vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp na uviondoe. Picha ya hati ikitumwa kama picha, WhatsApp huiondolea alama ya mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama dokumenti, alama hiyo huenda nayo. Zima mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga.

Daftari la vitu vilivyotoka liwe na safu sita: tarehe, namba ya faili, kurasa zipi, kwa nani, kwa njia gani, na tarehe ya fomu ya ridhaa. Liandikwe siku hiyo hiyo. Mteja akikuuliza baada ya miaka miwili nani ana maelezo yake, jibu litoke hapo.

Mambo yakiharibika

Barua imekwenda kwa anwani isiyo yake, au simu yenye faili imeibwa kwenye matatu ya Bamburi. Fanya hivi kwa mpangilio. Funga akaunti kutoka kifaa kingine na ubadilishe maneno ya siri. Mwandikie aliyepokea kimakosa afute na athibitishe kwa maandishi. Mwambie mteja siku hiyo hiyo, ana kwa ana, kwa sababu huenda akalazimika kuhama nyumba au kuwaonya jamaa. Mwambie ni karatasi zipi hasa. Sheria inadai Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mjue, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara. Kama wewe unawafanyia kazi shirika jingine, wajulishe wao ndani ya saa 48. Saa zinahesabiwa hata Jumapili.

Kama kosa liko kwenye kumbukumbu za ofisi, mfano umri au jina, mteja ana haki ya kuomba nakala ya habari zake na kuomba zisahihishwe. Kanuni za Kenya za 2021 zinaipa ofisi siku 7 kujibu ombi la kuona na siku 14 kwa marekebisho. Andika ombi kwa tarehe, ambatanisha ushahidi, gongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ofisi za Ulaya zina mwezi mmoja kujibu ombi la kuona. Kosa likirekebishwa Mombasa, halijirekebishi kule lilikokwisha tumwa. Rudi kwenye daftari, tazama nani alipokea toleo la zamani, na umpelekee kila mmoja jipya pamoja na barua ya kueleza kilichobadilika na kwa nini.

Kwa anayetafuta jamaa aliyepotea, njia ni Msalaba Mwekundu. Huduma yao ya kuunganisha familia hupitisha ujumbe kati ya nchi kwa mtandao wa vyama vyao wenyewe, na haina malipo. Ujumbe huandikwa wazi na husomwa, kwa hiyo uwe wa habari za nyumbani tu: nani mzima, nani amezaa, yuko mji gani. Siasa na njia aliyopita visiandikwe humo. Tovuti yao ya Trace the Face huonyesha picha ya anayetafuta bila jina lake, akitajwa anamtafuta nani, kaka au mama. Picha ya mtu aliyepotea ikibandikwa Facebook na jamaa mwenye uchungu, pamoja na jina, kijiji na jina la baba, huonwa pia na wale aliowakimbia. Mwombe aishushe kwanza, kisha umpeleke kujaza fomu, na nakala ya fomu hiyo iingie kwenye daftari kama karatasi nyingine yoyote. Hati zake za asili mrudishie siku hiyo hiyo, atie sahihi kwamba amezipokea.